Mzunguko wa Bibi Baada ya Isha



 Kwa majuma kadhaa sasa, mazungumzo katika baraza za wanawake hapa Mombasa hayamaliziki bila kutajwa tokeni za umeme. Huyu alinunua za shilingi mia tano zikaisha kabla ya Ijumaa. Yule analilaumu friji. Mwingine analaumu watoto na runinga. Nami nilikuwa miongoni mwa walalamikaji hao, tena msemaji wao, mpaka safari moja iliponionyesha kwamba sikuwa naijua maana ya kuhifadhi kitu. Leo nitawasimulia safari hiyo, ingawa iko sehemu yake moja ambayo kila nikiikumbuka huona haya na mwili hunisisimka.

Mwezi wa Julai mwaka jana, binti wa marehemu dada yangu alijifungua mtoto wa kike, kifunguamimba wake, huko Kericho alikoolewa. Mnajua desturi yetu: mzazi hulelewa siku arobaini, hukandwa kwa maji ya moto, hulishwa uji wa pilipili manga, wala hapewi kazi ya kuinama. Mama yake akiwa ametangulia mbele ya haki, kazi hiyo ilikuwa yangu mimi khalati yake. Nikafunga mizigo yangu, nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, na siku ya pili yake alasiri nikateremka Kericho, mvua ikininyeshea, nami sina ila buibui na leso mbili.

Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya chai yaliyoanzishwa huko katika miaka ya 1920 yametanda juu ya vilima mpaka upeo wa macho, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kwa mtu wa pwani, Julai ya huko ni mtihani. Maji ya bomba ya Alfajiri huumiza vidole, na mtu akisema neno barazani mvuke humtoka mdomoni.

Mama wa mume wa binti yetu ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Alizaliwa katika jamii ya Kipsigis, akasilimu alipoolewa katika ukoo wa Kinubi uliokaa mjini humo kwa vizazi. Nyumbani humo kila mtu humwita Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Mama Mombasa. Nakiri kwamba siku za mwanzo nilijiona mimi ndiye mwalimu wa nyumba ile, kwa kuwa nimelea wazazi wengi na nimezoea kuagiza. Somo la kwanza lilinijia kwa maharagwe.

Niliyabandika asubuhi bila kuyaroweka, kama nifanyavyo kwangu mara nyingine ninapokuwa na haraka. Yakachemka, yakachemka, adhana ya Adhuhuri ikaadhiniwa, nayo bado ni magumu kama kokoto. Nikaongeza makaa, nikapepea, povu likamwagika jikoni. Bibi akaja akapunguza moto, akafunika sufuria, akaniambia kwa upole: "Mama Mombasa, maji ya huku yana haraka ya kuchemka na uvivu wa kuivisha."

Maneno yake yana elimu ndani yake. Kwetu pwani maji huchemka yakifikia nyuzi 100 za selsiasi. Kadiri mtu apandavyo juu, uzito wa hewa hupungua na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa kimo cha Kericho ni kama nyuzi 93. Yakishaanza kutokota, joto lake halipandi tena hata uyawashie moto wa tanuri. Moto wa ziada huyageuza kuwa mvuke tu. Kwa hiyo anayeongeza makaa chini ya sufuria inayotokota, awe Kericho au Mombasa, haivishi chakula upesi zaidi. Anachoma fedha zake. Dawa ni nne, nazo hazina gharama: kuroweka nafaka ngumu tangu usiku, kufunika sufuria, kupunguza moto mara chakula kinapotokota, na kutoinua kifuniko kila dakika kwa hamu ya kuchungulia.

Bibi alikuwa na dawa ya tano. Kwenye kona ya jiko lake palikuwa na kikapu kikubwa kilichosheheni nguo kuukuu zilizoshonwa kama godoro, na juu yake mto wa kukifunikia. Maharagwe yaliyorowekwa usiku aliyachemsha kwa nguvu baada ya Alfajiri, muda wa nusu saa na zaidi, kisha akaitia sufuria nzima kikapuni ikiwa inatokota, akaifunika mto, akaenda zake. Joto halina pa kutokea, nacho chakula hujiivisha kwa joto lake chenyewe. Adhuhuri alikitoa, akakirudisha motoni mpaka kikatokota tena, akakiunga. Nilipokipima kiasi cha makaa alichotumia nikakiona ni sehemu ndogo tu ya nilichokiteketeza mimi. Na yale maji ya kumkandia mzazi yalikuwa yakipata moto juu ya jiko hilo hilo, wakati sisi tunaoga ubahili wa kubishana ni nani atumie heta ya umeme.

Hata jiko lenyewe lilikuwa la aina ile ambayo wengi wetu tunayo bila kuijua thamani yake: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Jiko hilo lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupunguza makaa yanayopotea katika majiko ya bati tupu. Likitumiwa vizuri, huokoa kati ya theluthi na nusu ya makaa. Lakini udongo ukipasuka na mwenye jiko akaendelea kulitumia hivyo hivyo, faida hiyo huondoka. Bibi alikuwa akikagua nyufa za majiko yake kama tukaguavyo sisi dhahabu kwa sonara.

Basi nikaanza kumtazama. Chai aliipika mara moja asubuhi, ya maziwa, akaitia katika chupa mbili; hakuna aliyeruhusiwa kubandika sufuria kwa ajili ya kikombe kimoja. Maziwa yaliyozidi hayakuhitaji friji. Aliyatia katika kibuyu kirefu ambacho Wakipsigis hukiita sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, yakaganda kuwa mursik na kukaa siku nyingi bila kuharibika. Maji ya mvua yalitoka kwenye mabati yakaingia katika pipa. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, huleta lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 20, linaweza kutoa lita 800. Maganda ya viazi yalikwenda kwa mbuzi wa jirani, na majivu yalikwenda kwenye bustani ya sukuma.

Siku moja nilimwaga nusu birika ya chai iliyopoa. Bibi hakunikemea. Alininyooshea kidole kuelekea vilimani, akaniuliza kama najua chai ile imepitia mikono mingapi. Mwanawe aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha chai, naye jioni hiyo akatueleza. Jani bichi likishachumwa hunyaushwa kwa saa nyingi kwa upepo wa mafeni, hukatwakatwa, huachwa libadilike rangi, kisha hukaushwa kwa joto. Kilo moja ya majani makavu hutokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi. Joto la kukaushia viwanda vingi hulipata kwa mvuke wa matangi yanayochomewa kuni, na ndiyo maana karibu na viwanda vya wakulima wadogo, kama vile Litein na Kapkatet, au Mogogosiek kule Bomet, huoni chai peke yake bali pia mikaratusi iliyopandwa ili ikatwe. Kwa hiyo ndani ya kikombe kimoja mna jasho la mchumaji, mna umeme, na mna mti.

Wala mti huo hauhusu watu wa bara peke yao. Msitu wa Mau, unaopakana na mashamba hayo, ndio unaoilisha mito ya nchi ile. Mito ya Yurith na Kipsonoi hukutana na kuwa Mto Sondu, unaoteremka kuelekea Ziwa Viktoria, na njiani maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Umeme huo huingia katika gridi ya taifa, ile ile inayowasha taa zetu Majengo, Likoni na Malindi. Nasi huku, maji tunayoyamwaga bure yana umeme ndani yake: yale yatokayo visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, husukumwa kwa pampu za umeme kabla hayajafika kwenye mitungi yetu. Mwenye kuacha bomba wazi Mombasa ameacha na swichi wazi mahali asipopaona.

Ndugu zangu, hadi hapo ningaliweza kurudi nyumbani nikiwa na hadithi nzuri ya kikapu na kibuyu, na ukurasa huu ungeishia kwa methali. Lakini usiku wa sita ulikuja.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu mchana. Tokeni zilikuwa zimeisha mara mbili katika juma lile kwa sababu ya heta niliyokuwa nikiiwasha chumbani kwa mzazi, na mume wake alikwenda kununua nyingine bila kunung'unika, jambo lililonitia aibu zaidi. Nikaazimia kwamba usiku ule heta haitawashwa. Baada ya kuchemsha maji ya kukandia, jiko lilibaki na makaa mekundu yaliyoiva, yasiyo na moshi hata kidogo. Nikajisemea moyoni: ni israfu kuyaacha makaa haya yafe barazani ilhali mtoto mchanga anapigwa na baridi. Nikalibeba jiko, nikalitia chumbani. Dirisha lilikuwa likipitisha upepo. Nikaliziba kwa leso yangu. Nikafunga mlango. Binti yangu alikuwa amelala na mwanawe kifuani. Nikaswali Isha pale pale, nikajinyoosha, nikahisi joto tamu, na usingizi mzito ukanijia mapema kuliko kawaida yangu.

Sasa nawaambia jambo la Bibi ambalo nilikuwa nimeliona kila usiku bila kulitilia maanani. Kila akimaliza Isha na nyiradi zake, huchukua kurunzi akaizunguka nyumba nzima. Huanza barazani: huhesabu majiko, yote mawili yawe nje, kisha makaa yaliyobaki huyatia katika kopo la bati lenye kifuniko ili yazimike kwa kukosa hewa na yatumike kesho. Huingia jikoni: hufunika maji na vyakula, na huangalia kilichobaki kitakuwa nini asubuhi. Hupita vyumbani: huzima taa na swichi zisizo na kazi. Huangalia bomba na pipa. Mwisho hufunga milango. Mzunguko wote hauchukui dakika kumi. Mimi niliuona ni uangalizi wa wazee wasiopata usingizi.

Usiku ule alihesabu majiko akakuta moja. Akalitafuta jikoni, akalikosa. Akaja mlangoni kwetu akabisha. Nilimsikia kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya bahari, nikataka kuitika, ulimi ukanikataa. Akausukuma mlango kwa bega. Alilitoa jiko, akaing'oa leso dirishani, akamchukua mtoto akatoka naye hadi barazani kwenye upepo wa mvua, huku akimwita mwanawe kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Binti yetu alitapika alipoinuliwa. Mimi kichwa kiliniuma kama kinachopasuliwa kwa shoka. Mtoto hakulia, na kutolia kwake ndiko kulikotutisha sote. Alilia tulipokuwa njiani kwenda hospitali, nasi tukalia pamoja naye kwa furaha. Tuliwekewa oksijeni usiku kucha, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu tukarudi nyumbani wote watatu tukiwa wazima.

Daktari alitueleza kwa maneno mepesi, nami nawanakilia kwa sababu hili linaweza kumfika yeyote. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho kama moshi. Tena makaa yaliyoiva yasiyo na moshi, yale ambayo sisi huyaona ni salama, ndiyo yanayowadanganya wengi. Hewa hiyo hushika mahali pa oksijeni katika damu, na mwili hukosa pumzi huku pua inapumua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Katika chumba kilichofungwa huua waliolala bila kuwaamsha. Ukishuku, mtoe mtu nje kwanza, fungua milango na madirisha, kisha umkimbize hospitali hata akionekana amepata nafuu. Na mama mwenye mtoto mchanga ajue kwamba joto la mtoto ni kifua cha mama yake, kofia na blanketi. Jiko la makaa halina nafasi chumbani, liwe la aina yoyote.

Tuliporudi nilimwomba Bibi radhi. Nilitarajia kukemewa, nami nilistahili. Akanishika mkono akasema: "Mama Mombasa, mimi usiku silindi makaa. Ninawalinda waliolala. Makaa yanayobaki ni faida tu."

Nimeyafikiri maneno hayo mwaka mzima. Mimi pia nilikuwa nikihifadhi usiku ule. Nilihifadhi umeme, na nilikuwa na neno israfu mdomoni. Lakini uhifadhi wangu ulizaliwa na aibu ya hesabu, ukafanyika kwa pupa na bila elimu, mara moja, usiku mmoja. Uhifadhi wa Bibi ulikuwa ada. Ulikuwa na saa yake, ulikuwa na mwenyewe, na ulikuwa na sababu ambayo ni watu kabla ya vitu. Kwa hiyo ulifanya kazi hata usiku ambao hakuna aliyejua kwamba unahitajika.

Na tukitazama vizuri, mzunguko ule si mgeni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba tunapolala tuzime taa na moto, tufunike vyombo na tufunge milango. Wengi tumeisoma hadithi hiyo madrasa, tukaiweka katika daftari la adabu za kulala. Bibi aliiweka miguuni. Vilevile imepokewa kwamba yeye Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ndiyo kibaba chetu, kiasi cha robo tatu za lita, na vibaba vinne ndio pishi tunayoijua katika zaka ya fitri. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba, tukidhani kibaba ni kidogo. Kumbe kibaba kizima cha maji kilimtosha mbora wa viumbe kwa udhu wake.

Niliporudi Mombasa niliweka ndoo chini ya bomba langu nikatawadha kama nilivyozoea. Zilijaa lita kumi na mbili. Siku ya pili nikatawadha kwa kopo, nikatumia chini ya lita mbili, na udhu ukatimia. Nyumba yetu ina watu sita wanaoswali. Mkiokoa lita kumi katika kila udhu, kwa sala tano, hizo ni lita 300 kwa siku, yaani ndoo 15 za lita ishirini. Sikuamini hesabu hiyo mpaka nilipoirudia mara tatu.

Hata hivyo nisiwafiche, mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Niliandika sheria ishirini kwenye karatasi nikaibandika mlangoni pa friji. Baada ya juma moja hakuna aliyeisoma. Mbaya zaidi, nilijikuta nikimgombeza binti anayetusaidia kazi kwa ajili ya pasi, huku mwanangu wa kiume analala runinga na king'amuzi vikiwa vimewaka. Hapo nikagundua kwamba nimeyageuza mafunzo ya Bibi kuwa mzigo wa aliye mnyonge kuliko wote nyumbani. Nikaibandua karatasi. Nikaacha kutunga saa mpya, nikazitumia zile tano tulizojaaliwa, na kila saa nikaipa jambo moja na mwenyewe mmoja.

Alfajiri ni ya chai. Hupikwa mara moja, huingia katika chupa, na anayeamka mwisho huinywa ikiwa moto bado. Msimamizi wake ni mimi.

Adhuhuri ni ya jua. Sisi watu wa pwani tumepewa jua ambalo Kericho wanalitamani. Dumu jeusi la maji hukaa juu ya sakafu ya dari tangu asubuhi, na jioni wazee na watoto huoga maji ya uvuguvugu bila heta. Nguo hukaushwa kwa jua na kukunjwa vizuri, na pasi huwashwa mara moja tu kwa juma, kwa nguo zote pamoja. Msimamizi ni binti yangu mkubwa.

Alasiri ni ya kipimo. Mchele hupimwa kwa kibaba kwa kuwahesabu watakaokula, wala haukadiriwi kwa macho. Dengu na maharagwe ya kesho huandaliwa ili yarowekwe. Aendaye sokoni huchukua kikapu cha ukili, kwa kuwa tangu tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kikapu cha bibi zetu kimerudi kwenye cheo chake. Msimamizi ni mume wangu, maana sokoni ndiye anayekwenda.

Magharibi ni ya taa. Huwashwa ile ya chumba kilicho na watu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti tisa kwa mwezi. Ya LED ya wati tisa, yenye mwanga wa kiasi hicho hicho, haifikishi yuniti moja na nusu. Tulizibadilisha moja moja, kila mwezi balbu moja, kwa fedha zilizookolewa na iliyotangulia. Msimamizi ni kitinda mimba wetu, naye ni hakimu asiye na huruma.

Isha ni ya mzunguko. Huo tumempa mwanangu wa kiume, yule wa runinga. Huzima king'amuzi, kwa kuwa hata kifaa kinachokula wati kumi tu, kikiachwa usiku na mchana, hula yuniti saba kwa mwezi. Hufunika vyombo, huangalia bomba, huhakikisha mtungi wa gesi umefungwa, hufunga milango. Juma la kwanza alinuna. Juma la tatu nilimsikia akimkemea baba yake kwa ajili ya swichi ya bafuni.

Leo tokeni zilizokuwa zikitutosha siku tisa hufika siku kumi na tatu. Si utajiri, lakini tofauti hiyo tunaitia katika kibubu kilichopo sebuleni, na mwezi wa Shaabani tulikivunja tukapata kitu cha kuwapelekea jirani zetu wenye dhiki kabla ya Ramadhani. Watoto walipoona fedha ya taa imegeuka unga wa mtu, sikuhitaji tena kuwahubiria.

Kwa hiyo nasaha yangu juma hili ni fupi. Usianze na mambo ishirini. Chagua sala moja, uitundikie jambo moja, umpe mtu mmoja, na umwache alizoee kwa siku arobaini kabla ya kuongeza la pili. Usimtwike msaidizi wa nyumbani au mke peke yake amana ya nyumba nzima. Na kabla ya kuokoa chochote, jiulize kwanza kama kuokoa huko hakumhatarishi mtu.

Juzi binti yetu alinipigia simu kutoka Kericho. Mtoto ametimiza mwaka na ameanza kutembea. Kila usiku baada ya Isha, Bibi akichukua kurunzi, yeye humfuata nyuma akiyumbayumba, na wakifika barazani huyanyooshea majiko kidole, moja, kisha la pili. Bado hajui kusema, lakini hesabu hiyo ameshaijua.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie majumba yetu na waliolala ndani yake, na atujaalie tuwe wenye kushukuru kwa vitendo kama tushukuruvyo kwa ulimi. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.